Kilomita 85 za vilima na gia ya 34/28? Usitoke nyumbani hivyo

Mkuu, weka tairi pembeni kwanza. Umeuliza mambo manne: tairi za upana gani, maji kiasi gani, kiti laini au kigumu, na mbwa wa vijijini mtu awakimbie au asimame. Halafu katikati, kama mtu anayetaja rangi ya soksi, umesema mbele una sproketi za meno 50 na 34, nyuma kaseti (lile rundo la sproketi) ya 11-28, yaani ndogo meno 11 na kubwa meno 28, mzigo kilo 8, njia kilomita 85 zenye mita 1,600 za kupanda, msitu, majani na vijiji, na kwamba utaimaliza kwa saa nne na nusu. Na kuna jamaa kakwambia "miguu itazoea".

Miguu haizoei. Anayezoea ni fundi, anazoea kukuona.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: kwenye vilima, sproketi ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko sproketi kubwa ya nyuma. Ukibeba mzigo, iwe robo tatu yake au pungufu. Yako ni 34 kwa 28, ukigawanya ni 1.21.

Usinishike maneno, shika kalamu. Wewe, baiskeli, mzigo na maji, tuseme kilo 95. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 uzito huo unakuvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 93 hivi, na tairi kwenye kokoto zinakuongezea 9 au 10. Weka 100 kwa urahisi. Maana yake kila mwendo wa mita 1 kwa sekunde unakula wati 100. Mtu anayeendesha mwisho wa wiki akijitahidi anashikilia wati 150 kwa saa nzima, kwa hiyo atapanda kwa mita 1.5 kwa sekunde, kilomita 5.4 kwa saa. Haya, tairi ya kawaida ya 700 ina mzingo wa kama mita 2.15. Kwa gia yako, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita 2.6. Gawanya mwenyewe: utakuwa unakanyaga mizunguko 34 au 35 kwa dakika. Ili uzungushe angalau 60, unahitaji gia ya 0.70. Si 1.21. Sifuri nukta saba.

Kukanyaga 35 badala ya 60 kwa wati zilezile ni kusukuma pedali kwa nguvu mara 1.7, na nguvu hiyo inapita kwenye goti. Kilima cha kwanza utaona ni mazoezi. Cha tatu goti linaanza kuongea, kwa mbele, chini kidogo ya kifuniko. Ukisema usimame juu ya pedali, sawa, kwenye lami. Kwenye njia ya msitu yenye majani mabichi na mizizi, ukisimama uzito unaondoka gurudumu la nyuma, linateleza, unaweka mguu chini. Na ukishaweka mguu chini kwenye asilimia 12 na gia ya 1.21, kuanza upya huwezi. Unasukuma. Mimi nina shahada ya kusukuma baiskeli, naweza kukuonyesha mahali pa kushika, lakini si ulichokuja kuuliza.

Sasa hawa wanaosema "wataalamu wanapanda na 39", yaani meno 39 mbele. Wanapanda, ndiyo. Wana uzito wa mtoto wa shule, baiskeli ya kilo 7, nguvu mara mbili ya yako, na gari nyuma limebeba mabegi. Ukiniletea gari na mimi nitapanda na 39. Kauli ya pili ni "utakosa kasi kwenye tambarare". Kwa meno 46 mbele na 11 nyuma, ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda kilomita 48 kwa saa. Nani kati yenu, na mzigo wa kilo 8, anapita 48 pasipo mteremko? Na kwenye mteremko unaacha kukanyaga, unashika breki kama watu wengine.

Wala usidanganywe na wastani wa mwinuko. Kilima cha kilomita 4 kinachoandikwa "asilimia 6" kinaweza kuwa na mita 300 za asilimia 14 katikati, na hapo ndipo utakapoamuliwa. Njia nyingi za zamani za vijijini zilikatwa na miguu ya watu na mifugo, si na mhandisi, zinapanda moja kwa moja. Ndani ya msitu ndiyo usiamini kabisa mchoro wa simu, kwa sababu data za urefu zilizopimwa kwa rada kutoka angani zinachanganya vilele vya miti na ardhi, kisha programu inalainisha mistari. Pima kwenye ramani ya mistari ya urefu. Kwenye ramani ya 1:50,000 yenye mistari kila mita 20, mistari ikiachana milimita 4 ni asilimia 10. Ikiachana milimita 2 ni asilimia 20, na hapo hata gia yangu inashuka kutembea.

Haya, kosa lenyewe la gharama, na naliona linakujia mbio kwa sababu umemalizia na "nikiona ngumu nitabandika tu kaseti kubwa". Usibandike tu! Hilo "tu" ndilo lililokula kihamisha mnyororo changu cha nyuma, kishikio chake kinachokishika kwenye fremu, mnyororo na spoki kadhaa, vyote kwa sekunde moja. Fundi aliyefunga alisema "itaingia tu". Iliingia. Kwenye spoki.

Kinachotokea ni hiki. Mnyororo wako ulikatwa kwa kaseti ya 28. Ukiweka 34, meno 6 yameongezeka, na mnyororo unakumbatia karibu nusu ya sproketi, kwa hiyo umepungukiwa pingili 3, na kwa sababu pingili huongezwa mbilimbili, hesabu 4. Mbele ikiwa ndogo hutaona kitu, kila kitu kinazunguka vizuri, fundi anatabasamu, unalipa. Siku umechoka kilimani, mbele uko kwenye 50 na umesahau, unabonyeza leva kutafuta gia nyepesi. Kubwa kwa kubwa. Mkono wenye vigurudumu viwili unavutwa mbele hadi unyooke, hauna pa kwenda, kishikio cha alumini kinapinda au kukatika, na wewe bado unakanyaga kwa uzito wako wote. Kilichobaki kinabebwa na gurudumu.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, geuza kihamisha mnyororo usome namba yake, halafu tafuta vipimo viwili kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kwanza, sproketi kubwa kuliko zote inayoruhusiwa. Pili, jumla ya tofauti inayoweza kumeza. Jumla hiyo unaihesabu hivi: tofauti ya mbele jumlisha tofauti ya nyuma. Sasa hivi una 16 jumlisha 17, ni 33. Ukiweka 11-34 inakuwa 16 jumlisha 23, ni 39. Mfano, kihamisha cha Shimano 105 R7000 cha mkono mfupi mwisho wake ni jino 30 na jumla 35. Ya mkono mrefu ni 34 na 39. Kwa macho zinafanana, tofauti ni urefu wa ule mkono. Yangu ilikuwa fupi. Nilikwambia alitabasamu?

Na hata ukifunga 34 nyuma kwa usahihi, umepata 34 kwa 34, yaani 1.0. Afadhali, ila bado si kanuni. Lazima uguse mbele, kwenye kranki (mikono ya pedali na sproketi zake), na hapo duara linalopita kwenye boliti za sproketi ndilo linaloamua. Kranki yenye duara la milimita 110, ambayo nadhani ndiyo yako, kwa kawaida haishuki chini ya 34. Ile ya 130 inaishia 38, achana nayo. Kranki za milimani za sproketi tatu zenye duara dogo la milimita 64 zinashuka hadi 22, na 22 kwa 34 ni 0.65. Hiyo inapanda ukuta. Njia nyingine ni kranki ya 46/30: ukiiunganisha na 11-34 unapata 0.88, haijafika robo tatu ya mwenye mzigo lakini ni afadhali, na jumla ni 39 ileile, mkono mrefu unatosha. Chunguza mambo mawili kwanza. Kihamisha cha mbele lazima kiweze kushuka kwenye fremu hadi kingo yake ya nje ikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno makubwa. Na kranki za Shimano GRX, zile za baiskeli za kokoto, zimesogea nje milimita 2.5 kuliko za barabara, kwa hiyo zinataka kihamisha cha mbele cha GRX chenyewe.

Mkiwa na leva za zamani za Shimano za gia 9 mna bahati: kihamisha cha nyuma cha baiskeli ya milimani cha gia 9 kinavutwa sawa na cha barabara, unafunga na unaendelea. Leva za barabara za gia 10 usijaribu kuzichanganya na kihamisha cha milimani cha gia 10, uvutaji wa waya ni tofauti na gia zitarukaruka.

Urefu wa mnyororo: uzungushe kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamisha, uvute hadi uguse, kisha ongeza pingili 2, ndipo ukate. Skrubu ya B, inayosogeza kihamisha mbali na kaseti, irekebishe mpaka kigurudumu cha juu kiwe milimita 5 au 6 kutoka sproketi kubwa. Skrubu ya L ndiyo inayozuia mnyororo usivuke kuingia kwenye spoki, kwa hiyo sukuma kihamisha kwa kidole, kwa nguvu, uone kama kinavuka. Kishikio kipimwe kwa kifaa chake, si kwa jicho, maana baiskeli iliyowahi kuanguka upande wa kulia huwa kimepinda. Kisha peleka mnyororo kubwa kwa kubwa kwa mkono, taratibu, baiskeli ikiwa imeinuliwa. Mkono ubaki na kipindo kidogo. Ukiwa umenyooka kama rula, mrudishie fundi, na usilipe.

Tairi: milimita 38 hadi 42 fremu ikiruhusu, upepo psi 40 hivi mbele na 45 nyuma ukiwa na tyubu. Kwenye majani laini tairi nyembamba inazama, na hapo hata tambarare inageuka kilima, tumerudi kwenye gia. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Ila saa zako umezihesabu vibaya: hukuhesabu kupanda. Kuinua kilo 95 mita 1,600 kwa wati 150 ni karibu saa 2 na dakika 45 za kuinua peke yake, kabla hujasogea mbele hata hatua. Hiyo "saa nne na nusu" yako ifute.

Ukiwa na shaka na wati zako, tafuta kilima unachokijua urefu, panda kwa mwendo wa siku nzima, si wa kujionyesha. Kilo zote mara 9.81 mara mita ulizopanda, gawa kwa sekunde. Kilo 90, mita 100, dakika 10: wati 147. Rudia hesabu yangu ya juu kwa namba hiyo, hesabu meno kwa kidole kwa sababu kisanduku kinaweza kuwa cha kaseti nyingine, halafu weka hapa picha ya mnyororo ukiwa kubwa kwa kubwa, ipigwe upande wa kulia, ule mkono uonekane wote.