Wahusika tisa si wengi, ila waweke pamoja

Kaka, umeuliza kama wahusika tisa ni wengi mno kwa filamu yako ya kwanza hapa Lubumbashi. Hapana, ila wakusanye kwenye lupango moja, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa, katika mtaa wa Katuba au wa Kenya hapa mjini: bomba moja la maji, milango minne, kila mtu anasikia ugomvi wa jirani. Pesa ya usafiri nayo itapungua.

Fanyeni mazoezi mwezi mzima kabla ya kukodi kamera. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijenga michezo yake bila maandishi kamili, kwa Kiswahili cha mji huu. Nawe waachie waigizaji wako waseme kwa ulimi wao.

Rekodi kati ya Mei na Septemba. Mvua ikipiga mabati, sauti imekwisha, na sauti mbovu siivumilii hata picha iwe nzuri namna gani.