Saa moja hadi saa moja: kumtunza paka mzee mwenye kisukari

Sisimizi ndio waliotangulia kujua. Beseni la mchanga la Shombo limekaa uani miaka yote bila kuvutia mdudu, halafu nikaanza kulikuta limezungukwa kila asubuhi. Mama, ambaye mwenyewe ana sukari tangu nikiwa shule, alitazama mara moja tu akasema, "Mpeleke huyu kwa daktari, mkojo wake umeingia utamu."

Dalili nyingine nilikuwa nimeziona nikasingizia joto la Mombasa. Bakuli la maji lilikuwa likiisha mara tatu kwa siku. Alikula kama aliyeshinda na njaa, na bado uti wa mgongo ulizidi kuchomoza. Miguu ya nyuma alianza kuikanyagia visigino badala ya vidole. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na kwa paka huonekana hapo. Shombo ana miaka 11, dume aliyehasiwa, mnene tangu ujana wake. Paka wa aina hiyo ndio ugonjwa huu huwapata zaidi.

Kwa daktari wa mifugo mashine ilisoma sukari ya 24 (milimoli kwa lita). Hakukimbilia sindano, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu paka akiingiwa na hofu sukari yake hupanda hata akiwa mzima. Alipima mkojo, kisha akatuma damu kwa kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokuwa wiki mbili tatu zilizopita. Akamkagua na meno pia. Jino bovu au kibofu chenye maambukizi huifanya insulini, dawa ya sindano ya kushusha sukari, ishindwe kazi, utaongeza dozi bure.

Tulianza na yuniti moja ya insulini, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Hapa saa yetu ya Kiswahili inasaidia: saa moja asubuhi, saa moja jioni, basi. Kwanza anakula, ndipo anachomwa. Nainua ngozi ya ubavuni iwe kama hema, sindano inaingia chini yake, na mara nyingi hata haachi kula. Kabla ya siku ya kwanza nilifanya mazoezi kwa maji na chungwa, jioni nzima, mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye paka wa namna hii alijue kabla ya mengine yote. Sisi huiogopa sukari ya kupanda. Kwa paka aliye kwenye insulini, sukari ya kushuka ndiyo inayoweza kumuua ndani ya saa chache. Ikikaa 17 leo, kesho utarekebisha pamoja na daktari. Ikishuka chini ya 3, huna kesho ya kusubiri.

Nililijua kwa kuliona. Jioni moja nilimchoma Shombo nikaenda msikitini. Mdogo wangu akarudi kazini, akadhani nimesahau, akamchoma tena. Kufika saa nne usiku alikuwa akiyumba, macho yamemtoka, kichwa kinatikisika. Mama ndiye aliyekuwa na akili iliyotulia: alichovya kidole kwenye asali akampaka kwenye fizi, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni asije akapaliwa. Alipoweza kumeza tukampa chakula, tukampigia daktari, tukakesha tukimpima. Tangu usiku ule kalenda imening'inia mlangoni mwa friji. Anayechoma anatia alama kabla hajaweka bomba la sindano chini. Pasipo alama, unauliza kwanza.

Kanuni nyingine imetoka hapo hapo: ukiona manyoya yamelowa na hujui kama dawa imeingia, usirudie. Kukosa dozi moja hakumdhuru kama kupata mbili. Na akikataa chakula, usimchome dozi kamili kwa mazoea. Piga simu kwanza. Akitapika, akalegea na pumzi yake ikanuka kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, usisubiri asubuhi.

Mabomba nayo yana mtego. Kuna insulini ya yuniti 40 kwa mililita, nyingi za wanyama ziko hivyo, na kuna ya 100, kama ya watu. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, alama moja unayoiona ni yuniti mbili na nusu. Duka moja liliwahi kunipa bomba lisilolingana na chupa yangu. Nililigundua kwa kusoma tu maandishi ubavuni. Kwa sababu hiyo hiyo usichukue insulini ya mzee wako wa nyumbani ukakisia.

Chakula kilibadilisha mengi. Paka ni mla nyama, na ulimi wake hata hauhisi utamu. Ugali wa dagaa na wali wa mchuzi tuliomzoesha ulikuwa wanga mtupu kwake, na biskuti nyingi za dukani pia zina wanga. Sasa anakula zaidi chakula cha kopo kisicho na rojo, na kuku aliyechemshwa kama nyongeza. Samaki peke yake hatoshi. Ila usibadilishe chakula kimyakimya: wanga ukipungua sukari hushuka, na dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Wapo paka ambao kwa njia hii huacha insulini kabisa, hasa wakiwahiwa mapema. Shombo hajafika huko.

Kupima nyumbani niliogopa kuliko kuchoma, bila sababu. Napasha sikio kwa kitambaa cha vuguvugu, nachoma ukingoni karibu na mshipa, tone dogo linatosha. Mashine ya mama husoma chini kidogo kwa damu ya paka, kwa hiyo naandika namba zote kwa mashine hiyo hiyo ili daktari aone mwelekeo.

Chupa inakaa katikati ya friji, mbali na barafu, ikiganda, itupe. Umeme ukikatika naihamishia kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa katikati. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu, hivyo hakipoi kama cha bara, lakini kinaishinda rafu ya jikoni mbali.

Miguu ya nyuma ilichukua miezi minne. Wiki iliyopita nilimkuta juu ya ukuta wa jirani, pale alipokuwa hapafikii, na ilikuwa inakaribia saa moja. Nikatikisa bakuli, akashuka.