Pedali ya Beetle inayozama

Ndugu, umesema pedali ya breki ya Volkswagen Beetle yako ya miaka ya 60 inazama, ila ukiipampu inapanda na kukaza. Hiyo mara nyingi si hewa, ni breki shuu (vipande vinavyobana gurudumu lisimame) kukaa mbali na drami, ule mduara wa chuma unaozunguka na gurudumu. Hewa huifanya pedali iwe laini kama sponji.

Anza na kuzirekebisha: weka mawe kwenye magurudumu, achia hendibreki, piga jeki. Kila gurudumu lenye drami lina nati mbili zenye meno za kurekebishia. Zungusha nati kwa bisibisi hadi gurudumu likwame, kisha rudisha meno mawili matatu lizunguke.

Ndipo utoe hewa, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu ya oili ya breki inayosukumwa na pedali. Msaidizi wako anayekanyaga pedali asiiachie kabla hujafunga nipeli, ile skrubu ya kutolea hewa, tafadhali! Oili ya breki iliyotoka usiirudishe.