Maswali ya usonji: dawa sina, na namba ya mwenye dawa pia sina

Barua zimejaa tena. Nyingi zinauliza kitu kimoja, kwa hiyo naanza nacho ili tuhame.

Mwalimu, dawa ya usonji inapatikana wapi na ni shilingi ngapi? (Wengi, mikoa yote)

Haipo.

Usonji (kwa Kiingereza autism) ni namna ubongo ulivyojengeka tangu tumboni, na sehemu kubwa yake ni urithi. Daktari anaweza kumwandikia mtoto dawa ya kifafa, ya usingizi, au ya kutuliza hasira zinazomfanya ajing'ate. Hizo zinatibu yale yanayoambatana na usonji, basi. Anayekuuzia chupa ya "kusafisha sumu kwenye ubongo" anakuibia, na wenzake wengine wanafanya zaidi ya wizi: mwaka 2005 kule Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka mitano alikufa baada ya kuwekewa dripu ya "kutoa madini mazito". Wazazi wake walikuwa wanamtafutia nafuu, kama nyinyi.

Kombe, mafuta ya upako, virutubisho vya makopo: sigombani na imani ya mtu. Muombee mwanao asubuhi na jioni. Ninachogombana nacho ni bei. Nimewaona wazazi wakiuza kiwanja kulipia makopo hayo, halafu wakashindwa nauli ya kumleta mtoto shuleni.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Haniiti mama, lakini anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza cha Kimarekani na anaimba matangazo ya YouTube neno kwa neno. Baba yake anasema ni TV imemharibu, tukiizima ataongea. Ni usonji au ni TV? (Mama, Tegeta)

Marahaba, mama. Kabla ya yote, amepimwa masikio? Simaanishi kugonga sufuria nyuma yake uone kama atashtuka. Namaanisha kipimo cha usikivu, hospitali, kwa mashine. Kila mtoto aliyechelewa kuongea aanzie hapo, hata huyu anayeimba, maana kuna watoto wanaosikia sauti fulani na nyingine hawazisikii.

TV haileti usonji. Mara nyingi mambo yako kinyume: mtoto mwenye usonji anaing'ang'ania katuni kwa sababu haibadiliki. Wimbo ni uleule, sura ni zilezile, na haimuulizi swali lolote. Hata hivyo mzee wa nyumba hajakosea moja kwa moja. Mtoto anayeachiwa simu toka asubuhi mpaka dada wa kazi amalize kufua hana wa kuzungumza naye. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Punguzeni, ila msiizime mkakaa mnasubiri muujiza.

Wewe acha kuhesabu maneno, angalia mengine. Ndege ikipita juu, anaionyesha kwa kidole kisha anakugeukia kuona kama na wewe umeiona? Ukimwita jina, anaitika? Akitaka maziwa, anakutazama, au anauchukua mkono wako na kuupeleka kwenye friji kana kwamba mkono hauna mwenyewe? Andika unayoyaona, nenda nayo kwa daktari wa watoto. Na atakayekwambia "watoto wa kiume huchelewa kuongea" mpe chai, umsindikize. Kauli hiyo imewalia watoto wengi miaka miwili mitatu ya bure.

Kuhusu matangazo: usimnyamazishe. Tulikuwa na kijana darasani aliyesema "Don't forget to subscribe!" katikati ya somo, tukadhani ni kelele tu. Ikachukua muda kugundua kwamba alilisema kila alipochoka na kutaka kutoka. Kwenye video zake, maneno hayo huja mwishoni, na yeye alikuwa anatuaga. Shika daftari, andika mwanao anasema nini, lini, na nini kimetokea kabla.

Mtaalamu ametuambia tuache Kihaya na Kiswahili, tuongee Kiingereza tu nyumbani, eti lugha nyingi zinamchanganya mtoto. Bibi yake anayeshinda naye hajui Kiingereza. (Baba, Bukoba)

Mwambie bibi aendelee kama alivyokuwa.

Ushauri huu nausikia kila mwezi na haujawahi kuniacha bila hasira. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hazijaonyesha kwamba wanachelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Na hebu tuifikirie hiyo nyumba: baba anaongea Kiingereza cha kuungaunga, mama anaogopa kukosea hivyo anaongea kidogo, bibi amekatazwa kabisa, jirani anasalimia kwa Kiswahili mtoto hajibu. Mmemwondolea mtoto watu wote waliokuwa na maneno ya kumpa, halafu mnashangaa kimya chake.

Mtoto anajifunza lugha kwa mtu anayetaniana naye, anayemwimbia, anayemgombeza kwa mapenzi. Huyo ni bibi. Shule ikisema inafundisha kwa Kiingereza, hiyo ni kazi ya shule.

Na ambaye hajapata maneno kwa lugha yoyote apewe picha. Piga picha za kikombe chake, choo chenu, kitanda chake, mlango wa kutokea, uzibandike ukutani, usawa wa macho yake. Wewe mwenyewe zishike na kuzionyesha unapoongea. Nimechoka kuambiwa kwamba akizoea picha atakuwa mvivu wa kuongea. Haiko hivyo. Akishajua kwamba kuonyesha kitu kunamletea kitu, ndipo anapata sababu ya kuongea.

Je, ni kweli chanjo ya surua ndiyo inayosababisha?

Hapana. Makala iliyoanzisha hofu hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1998, ikiwa na watoto 12. Jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo daktari Andrew Wakefield, aliyeiongoza, akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Huko Denmark, mwaka 2019, walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 wasione uhusiano wowote. Surua inaua. Kachanjeni, na swali hili nisilione tena.

Nilimeza Panadol nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Nimesikia Rais wa Marekani akisema ndiyo inayoleta usonji. Sijalala. (Mama, Mwanza)

Lala, mama. Kauli ile ya Septemba 2025 ilikuwa na sauti kubwa kuliko ushahidi wake. Mwaka 2024 watafiti walichapisha takwimu za watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa Sweden. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mimba ya mmoja mama alimeza parasetamoli (ndiyo hiyo Panadol) na ya mwingine hakumeza, tofauti haikuwepo. Kinachonitisha mimi ni kwamba mjamzito wa huku ataogopa kidonge akae na homa nyumbani. Huku kwetu homa ya mjamzito inaweza kuwa malaria. Kapime siku hiyohiyo.

Binti yangu wa miaka sita akiingia kwenye daladala analia, anajipiga kichwa, analala chini. Watu wananiangalia kama sijamlea. Kaka yangu anasema ni deko, achapwe. (Mama, Mbagala)

Kaka yako apande hiyo daladala akiwa na homa, mtu amemshikia spika sikioni na shati lake lina upupu, kisha atueleze habari za deko.

Mtoto anayedeka anakuchungulia. Analia huku jicho liko kwako, na ukimpa pipi yanaisha. Mtoto aliyezidiwa hakuchungulii, pipi ataitupa, na akitulia anakuwa amechoka hoi. Kwenye daladala kuna honi, muziki, konda anayegonga bati na kupiga mluzi, jasho, kiwiko cha jirani, na safari isiyojulikana itasimama wapi. Wengi wenye usonji hawana chujio la hayo. Yanaingia yote kwa pamoja. Fimbo inaongeza maumivu juu ya maumivu, na inamfundisha kwamba hata mama hafai kukimbiliwa.

Ukiweza, panda saa ambazo si za msongamano, ukae siti ileile kila safari, karibu na dirisha. Mzibe masikio kwa hedifoni kubwa, hata zile za mtumba zisizowaka. Kabla hamjatoka mwonyeshe picha: nyumba, kituo, gari, kwa shangazi. Yakianza, shuka. Ndiyo, nauli imepotea. Kaa naye kivulini, usimhoji, usimshikeshike, punguza maneno, mpaka apoe. Kwa wanaokukodolea macho una ruhusa yangu ya kutowajibu. Na ninyi mnaokodoa, kwa kuwa najua mnasoma hapa pia: hamisheni macho, au msogeeni mumuulize mama kama ashikiwe mkoba.

Mwanangu anapenda kutoka bila kuaga. Tumempata mara kadhaa yuko mbali. Nifunge mlango kwa kufuli? (Baba, Tanga)

Weka komeo juu asikofika, ambalo mtu mzima anaweza kulifungua haraka moto ukitokea. Lakini akipotea usianze kwa majirani, anza kwenye maji. Watoto hawa wengi huvutwa na maji, na kuzama ni moja ya sababu kubwa za vifo vyao. Wewe uko Tanga, una bahari. Funika kisima, funika pipa, na mfundishe kuogelea mapema kuliko kusoma. Namba yako ya simu ishonwe ndani ya shati.

Jirani yangu ana mtoto mwenye usonji, wageni wakija anafungiwa chumba cha uani. Nifanye nini? (Hakutaja mahali)

Nenda mara kwa mara, usiwe mgeni. Ukikuta mtoto amefungwa kamba, hana chakula, ana majeraha, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, usiogope lawama.

Shule binafsi imeniambia nilipe ada mara mbili, "kwa sababu ya hali yake".

Waombe waandike hiyo sababu kwenye barua yenye mhuri. Wengi hapo hulegea, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya elimu sawa na wenzake. Barua ikitoka, ipeleke kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri. Halafu ulizia shule za serikali zenye vitengo vya elimu maalumu. Hapa Dar wazazi wengi wanaijua Msimbazi Mseto. Majengo si ya kifahari, lakini ukumbi wa marumaru bila mwalimu aliyesomea haukusaidii kitu.

Mimi ni mhasibu, miaka 29, mwanamke. Nimesoma safu yako kwa ajili ya mpwa wangu nikajiona mimi. Kazini wanasema naringa. Nikirudi nyumbani nalala na nguo za kazi. Kuna maana ya kupimwa sasa hivi? (Dodoma)

Ipo. Nimefurahi umeandika, kwa sababu barua zote hizi zinaandikwa kana kwamba usonji huisha mtu akimaliza darasa la saba.

Wasichana wengi hujifunza mapema kuigiza. Wanamtazama aliye kipenzi cha darasa, wanakopi kicheko chake, na mwalimu anaandika "mpole, mtulivu". Gharama inalipwa jioni, na nguo za kazi mwilini. Wengine hufika kwa daktari na jina la sonona au wasiwasi kabla mtu hajauliza swali sahihi.

Nadhani salamu zetu zimekusaidia zaidi ya unavyojua. Habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, salama, watoto, hawajambo: kila kitu kimeandikwa tayari. Kazi inaanza salamu zikiisha na watu wakabaki wamesimama. Ukipita bila salamu kwa sababu kichwa kiko kwenye hesabu, umekuwa mwenye maringo. Mwingereza Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: ninyi hamwasomi wao, na wao hawawasomi ninyi. Ajabu ni kwamba upande mmoja tu ndio hupelekwa kliniki.

Muone daktari wa afya ya akili, hospitali ya rufaa au Muhimbili, na nenda na mtu mzima aliyekujua ukiwa mdogo. Kwa bosi huna lazima ya kutaja jina la usonji. Omba kitu mahususi: maelekezo kwa maandishi, meza isiyo karibu na mlango.

Swali moja tu Mwalimu. Nikifa? (Mama wa kijana wa miaka 17, Moshi)

Mama, nimeliacha la mwisho kwa sababu nalo sina jibu fupi.

Mtoto wa kwanza kwenye makala ya mwaka 1943 ya daktari Leo Kanner, ile iliyoutambulisha usonji, aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi walishauriwa wamweke kwenye taasisi. Wakamweka, kisha wakamrudisha nyumbani. Alisoma, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akazika wazazi wake wote wawili, na akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia ilikuwa na pesa, najua, na walimwachia mfuko wa kumtunza. Lakini pesa haikuwa peke yake: mji mzima ulimfahamu, na mgeni aliyekuja kumsumbua alikutana na majirani kwanza.

Mfuko wa Mississippi hatuna. Mtaa tunao, na hapo ndipo kumficha mtoto kunapotugharimu, maana asiyefahamika hana wa kumlinda. Andika daftari lake: anakula nini, anaogopa nini, dawa gani, akishika sikio maana yake nini. Daftari hilo wapewe watu wawili, sio mmoja. Dada zake waulize, usiwatwishe. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA visingojee msiba. Kama hajajua kuoga na kunyoa mwenyewe, hizo ndizo hesabu na Kiingereza chake kwa mwaka huu. Leo msaidie kuoga kidogo kuliko ulivyomsaidia jana. Na Jumamosi mpeleke duka la jirani, ukae nje. Muuzaji amjue kwa jina, kijana atoe picha ya chumvi, alipe, asubiri. Chenji mtaihesabu pamoja nyumbani.