Funga kenchi kabla ya masika

Usiku ule wa Aprili hapa Sahare, Tanga, nilisikia bati la pembeni likigonga papi, mbao zinazoshika mabati, kama mtu anayebisha hodi. Nikasema nitaliangalia asubuhi. Haikupita nusu saa, upepo ukapenya chini yake, ukang'oa mabati manne kwa mpigo, na mvua ikatumwagikia kitandani mimi na wanangu. Asubuhi tulikuta bati moja limekwama kwenye mnazi wa jirani, usawa wa shingo ya mtu mzima. Nilikuwa nimeshashika kitasa nitoke nikalishikize. Ukisikia bati linagonga usiku wa upepo, liache. Hamisha watoto chumba cha upande mwingine, zima umeme kwenye meni swichi, mkae mbali na madirisha.

Fundi aliyekuja kuezeka upya alinionyesha tatizo. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimekalia ukuta tu, zimeshikwa na misumari miwili mitatu. Upepo mkali haukandamizi paa, unalinyanyua, na huanzia pembeni, kwenye bati lililochomoza. Safari hii tulizifunga kwa nondo nyembamba iliyochimbiwa ukutani, na pembeni tukaongeza misumari yenye kofia. Kazi hii ifanye Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na mbao ni kavu. Machi mvua zikianza, mafundi hawapatikani.

Maji nayo yana habari yake. Jirani yangu, mzee aliyevua tangu ujana, alikuja kutupa pole. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, jana mwezi ulikuwa mpevu, hukuuona?" Nilikuwa sijautazama. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: kwetu bahari hujaa hasa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, mtaro hauna pa kumwaga, kwa sababu bahari imeziba mdomo wake. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Mvua ilianza saa nane, na kufikia saa kumi maji yalikuwa juu ya kizingiti, na yalikuwa na chumvi. Mvua kama hiyo hiyo nimeiona ikinyesha wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, ikapita bila kulowesha hata mkeka. Kwa hiyo sasa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausikiliza huku nikihesabu siku za mwezi. Mvua kubwa na bamvua vikikutana, magodoro yanapanda juu ya meza tangu magharibi.

Wako wanaosema Tanga haipigwi na kimbunga. Ni kweli tuko karibu na ikweta, na vimbunga vingi vya bahari yetu huelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Tahadhari ilitolewa siku kadhaa kabla. Aliye na ngalawa aivute juu mapema siku hizo, asingoje kuona wingu.

Radi je? Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Hesabu ikiishia chini ya sekunde 30, ingia nyumbani, na usijikinge chini ya mnazi hata kama mvua inakuchapa. Kwa wavuvi ni vibaya zaidi, maana katikati ya maji mlingoti ndio mrefu kuliko vyote.

Vyeti vya watoto na hati ya kiwanja sasa nimeviweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu mdogo kililowa usiku ule mpaka wino ukatoka, na hadi leo nakifuatilia.