Kabla hujaagiza tablet za bei rahisi
Nyinyi mnaoanza kuuza tablet hapa Malindi, ngojeni kwanza kabla hamjatuma hela Nairobi. Bei ikiwa chini mno kuna mahali pamekatwa, na kazi yako ni kupajua wewe kabla mteja hajapajua.

Anza na kioo na tachi, manake hapo ndipo pesa nyingi imelala. India 2011 walitoa tablet rahisi ya wanafunzi iitwayo Aakash, serikali ikainunua kama dola 50 hivi ili mwanafunzi auziwe 35, lakini kufika hapo ikabidi waweke ile tachi ya kubonyeza kwa nguvu na ramu (memori ya kuendeshea programu) ya MB 256, watu wakalalamika weee. Mwaka huohuo Kindle Fire, tablet ya Amazon, ikauzwa dola 199 na IHS iSuppli, kampuni ya utafiti wa soko, walipopiga hesabu ya vipuri na kuunganisha wakapata kama 201, yaani Amazon walitegemea kurudisha kwa vitabu na filamu. Sasa wewe wa kibandani unategemea nini, kava na chaja? Usishindane bei na watu hao.

Memori ndo hatari zaidi jamani. Chipu nyingi za ramu zatoka kwa Samsung, SK Hynix na Micron, na bei hupanda na kushuka, mwishoni mwa 2025 zilipaa sababu vituo vya data vya AI vyanunua kwa wingi. Na nafasi ya kuhifadhi vitu nayo iangalie, ukiletewa "GB 512" kwa bei ya kanga, ujue yawezekana imechezewa ionyeshe namba tu. Jaza video mpaka ijae kisha fungua za mwanzo na za mwisho, zikigoma ushajua. Prosesa, ile chipu inayoendesha tablet, ikiwa ya Allwinner au Rockchip za China wala usiumie kichwa, hizo si ghali.

Na hizi tablet za Shenzhen, China, zisizo na jina, modeli moja mzigo wa leo na wa mwezi ujao kioo chaweza kuwa tofauti kabisa, ndo maana fungua moja upige picha namba iliyoandikwa kwenye utepe wa tachi, uagize kwa hiyo namba sio kwa jina la tablet. Haswa walio Amu (Lamu), manake kipuri kije kwa basi mpaka Mokowe kishuke boti halafu kisiingie, nani atalipa nauli ya kurudisha? Pini za chaji wekeni za ziada, chumvi ya bahari yazila haraka.