Programu ya FreeBASIC katika faili kadhaa: kipi kikae wapi

SWALI: Najifunza lugha ya programu ya FreeBASIC kwenye Windows na nimeandika programu ya kuhesabu stoo ya duka. Imefika mistari 900, kwa hiyo nimeikata faili tatu: duka.bas, stoo.bas na risiti.bas. Duka.bas ina #include za zile mbili, na risiti.bas nayo ina #include "stoo.bas" kwa sababu inazihitaji Function zake. Nikikompaili napata Duplicated definition. Niliondoa #include zote nikaweka Declare juu ya duka.bas, likaja kosa jingine: undefined reference. Halafu kigeu zilizopo, ambacho nimekiandika Dim Shared katika stoo.bas, duka.bas haikijui. Nikikitangaza huko pia, kosa linaondoka lakini kila mara kinasoma 0. Nifanyeje?

JIBU: Hayo ni makosa matatu tofauti, ila yana mzizi mmoja: #include haiunganishi faili. Inanakili tu. Kompaila ikiikuta inafungua faili uliyoitaja na kubandika maandishi yake yote pale pale, kama vile umeyachapa kwa mkono. Sasa fuata njia ya faili zako. Duka.bas imebandika stoo.bas, kisha imebandika risiti.bas, ambayo ndani yake imebandika stoo.bas mara ya pili. Function JumlaThamani imeandikwa mara mbili katika maandishi yale yale, na kompaila imelalamika kwa haki.

Ulipoweka Declare ulikuwa umeshika njia sahihi, ukaishia katikati. Declare ni ahadi kwamba Function hii ipo mahali fulani. Kompaila inaiamini ahadi hiyo na kuendelea. Anayeitafuta Function yenyewe ni kiunganishi, kazi inayofuata baada ya kukompaili, na kwa kuwa uliipa fbc, yaani kompaila ya FreeBASIC, faili moja tu (fbc duka.bas), kiunganishi hakikuona stoo.bas kabisa. Ukisoma neno undefined reference likifuatwa na jina la Sub yako kwa herufi kubwa, usipoteze muda kukagua msimbo. Kagua amri uliyoandika. Mara nyingi faili imesahauliwa.

Utaratibu unaofaa ni huu: kila kazi kubwa iwe na faili mbili. Faili ya .bas ina miili ya Sub na Function. Faili ya .bi, yaani ya vichwa, ina Declare, Type na Const tu, vitu ambavyo kompaila inahitaji kuvijua lakini havizalishi msimbo. Faili ya .bi unaweza kui-include popote unapoihitaji. Ya .bas usii-include kamwe; itaje kwenye amri.

Anza na aina.bi, ya vitu vinavyotumiwa na kila faili (#pragma once na #include once huzuia faili isibandikwe mara mbili):

#pragma once
Const BIDHAA_MAX = 200
Type Bidhaa
    jina As String * 30
    idadi As Integer
    bei As Double
End Type

Kisha stoo.bi:

#pragma once
#include once "aina.bi"
Declare Function OngezaBidhaa(ByRef b As Bidhaa) As Boolean
Declare Function JumlaThamani() As Double

Na stoo.bas:

#include once "stoo.bi"
Dim Shared rafu(1 To BIDHAA_MAX) As Bidhaa
Dim Shared zilizopo As Integer

Function OngezaBidhaa(ByRef b As Bidhaa) As Boolean
    If zilizopo = BIDHAA_MAX Then Return False
    zilizopo += 1
    rafu(zilizopo) = b
    Return True
End Function

Function JumlaThamani() As Double
    Dim jumla As Double
    For i As Integer = 1 To zilizopo
        jumla += rafu(i).idadi * rafu(i).bei
    Next
    Return jumla
End Function

Duka.bas inabaki nyepesi:

#include once "stoo.bi"
Dim b As Bidhaa
b.jina = "Sukari kilo 1"
b.idadi = 24
b.bei = 3000
If OngezaBidhaa(b) Then Print JumlaThamani()
Sleep

Risiti.bas ipangwe vivyo hivyo, na risiti.bi yake. Ukimaliza, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo uandike:

fbc -exx duka.bas stoo.bas risiti.bas

Utapata duka.exe, na ukiiendesha itaonyesha 72000. Mpangilio wa majina kwenye amri una maana: faili ya kwanza ndiyo moduli kuu (moduli ni faili moja ya .bas), na jina la programu hutoka kwake. Ukitanguliza stoo.bas utapata stoo.exe. Chaguo la -exx huongeza ukaguzi wakati programu inaendesha. Ukiomba rafu(201), programu husimama na kukutajia mstari na faili, badala ya kuharibu kumbukumbu kimyakimya. Mwanafunzi asikompaili bila hilo. Hifadhi amri yote katika faili jenga.bat ili usiichape kila mara, na siku utakapoongeza faili mpya, utajua pa kuiandika.

Je, umeona kuwa stoo.bas nayo inai-include stoo.bi, ingawa ina miili yote na haihitaji ahadi? Wengi huuacha mstari huo kwa kuona ni wa ziada, na hapo ndipo huzaliwa kosa baya kuliko yote matatu uliyoyataja, kwa kuwa halina ujumbe. Tuseme katika stoo.bi umeandika Declare Sub Punguza(ByVal namba As Integer, ByVal kiasi As Integer), na katika stoo.bas, kwa kuteleza, umeandika ByRef kiasi (ByVal hutuma thamani yenyewe, ByRef hutuma anwani yake). Stoo.bas isipoisoma stoo.bi, kila faili inakompailiwa peke yake bila kasoro. Kiunganishi nacho kinalinganisha majina, hakiulizi ByVal wala ByRef. Programu inajengwa. Ukiita Punguza(3, 5), duka.bas inatuma namba 5, nayo stoo.bas inaipokea 5 hiyo kama anwani ya kumbukumbu na kwenda kusoma huko. Programu inakufa palepale, nawe unabaki kukodolea macho msimbo ambao hauna kosa katika faili yoyote ukiitazama peke yake. Mstari mmoja wa #include unamfanya kompaila alinganishe Declare na mwili, na kosa linakamatwa kabla programu haijajengwa.

Sasa lile la 0. Dim Shared jina lake linapotosha. Inaruhusu Sub na Function zote za moduli hiyo hiyo kukitumia kigeu, lakini haivuki mpaka wa faili. Ulipokiandika zilizopo katika duka.bas pia, ulitengeneza kigeu cha pili chenye jina lile lile. OngezaBidhaa inaongeza cha stoo.bas, wewe unasoma cha duka.bas, ambacho hakuna anayekigusa.

Ukitaka kigeu kimoja kionwe na faili zote, andika katika stoo.bi:

Extern zilizopo As Integer

na uache Dim Shared zilizopo As Integer katika stoo.bas peke yake. Extern ni Declare ya vigeu: inasema kipo, haikitengenezi. Utakutana pia na Common Shared katika mifano ya zamani. Inafanya kazi, ila haikubali kupewa thamani ya kuanzia na lazima itajwe katika kila moduli. Extern ni safi zaidi.

Hata hivyo, kwa programu yako nisingetumia hata Extern. Acha rafu na zilizopo zijifiche ndani ya stoo.bas, na anayetaka kujua idadi aulize kwa Function, tuseme IdadiYaAina(), yenye mstari mmoja: Return zilizopo. Siku hesabu ikija mbaya, utajua aliyeiharibu yumo katika faili moja. Kwa Sub ndogo za ndani ambazo hazipaswi kuitwa na faili nyingine, andika Private Sub. Hapo hata risiti.bas ikiwa na Sub yenye jina hilo hilo hazitagongana.

Jambo jingine linalowatatiza wageni: mistari iliyo nje ya Sub na Function katika moduli zisizo kuu hutekelezwa kabla ya mstari wa kwanza wa moduli kuu. Ukiweka Open ya faili ya kumbukumbu juu ya stoo.bas, itafunguliwa kabla duka.bas haijamwuliza mtumiaji jina la faili hiyo. Viweke vitendo hivyo ndani ya Sub AnzishaStoo, kisha uiite mwenyewe mwanzoni mwa duka.bas.

Usiihamishe mistari 900 yote jioni moja. Nakili folda nzima kwanza. Toa Type na Const uziweke aina.bi, kompaili, hakikisha bado inaendesha. Kisha hamisha Function moja ya stoo pamoja na Declare yake, kompaili tena. Kila GoTo au GoSub utakayoikuta ikiruka kutoka sehemu moja ya programu kwenda nyingine lazima igeuzwe kuwa Sub, maana lebo haionekani nje ya moduli yake. Kazi hiyo ndiyo itakayokula muda. Kukata faili ni dakika chache tu.

Utaona watu wakikompaili kila faili peke yake kwa -c ili kupata faili za .o (msimbo uliokompailiwa lakini haujaunganishwa) na kuziunganisha baadaye. Inaokoa muda kwa programu kubwa, lakini ina mitego miwili. Kwanza, ukitumia -c, fbc haibahatishi tena moduli kuu. Lazima useme fbc -c -m duka duka.bas, la sivyo kiunganishi kitadai hakuna pa kuanzia. Pili, ukibadilisha jina As String * 30 kuwa * 50 katika aina.bi, lazima ukompaili upya kila faili inayoisoma. Ukiacha moja, itaendelea kutafuta idadi na bei katika nafasi za zamani na kukuletea namba za ajabu. Kwa mistari 900, zikompaili zote pamoja kila mara.

Na ukizoea Windows, angalia herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. #include once "Stoo.bi" itakubaliwa hapo hata kama faili inaitwa stoo.bi, lakini siku utakapoipeleka programu kwenye Linux itakataa kwamba faili haipo. Majina yote yawe herufi ndogo.

Mwenzako akikwambia uweke .bi juu na .bm chini ya programu kwa '$INCLUDE, huyo anatumia QB64, lugha nyingine ya jamii ya BASIC. Kule programu hukompailiwa kama maandishi mamoja, tangazo juu na miili ya Sub mwishoni, wala hakuna orodha ya faili kwenye amri. Usichanganye taratibu hizo mbili katika folda moja.